New Orleans, jiji linalomuuliza mgeni amekula wapi

Kabla ya nyota na picha za simu, wasafiri walipeana majina ya migahawa kwa sababu nzito kuliko utamu wa chakula

Miji mingi humuuliza mgeni ametoka wapi na atakaa siku ngapi. New Orleans, jiji la jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, humuuliza amekula wapi. Ataulizwa na dereva wa teksi, ataulizwa na mhudumu wa hoteli, ataulizwa na mama asiyemjua aliyeketi naye kiti kimoja ndani ya tramu ya St. Charles. Na akijibu, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Akisema amekula gumbo mahali fulani, ataambiwa hapo si pabaya, ila gumbo ya kweli iko kwingine. Wa kiti cha nyuma atadakia kwamba huko kwingine, tangu mpishi wa zamani aondoke, mambo si yale tena. Wenyeji hujitania kwamba wanapokula chakula cha mchana huwa wanajadili cha jioni.

Anayesikia kwa mbali atadhani ni maneno ya walafi. Lakini fuatilia namna wasafiri walivyopeana habari za migahawa ya jiji hili kwa karibu miaka tisini, utaona ladha ilikuwa sehemu moja tu ya habari yenyewe. Aliyemtajia mwenzake jina la mgahawa alikuwa anamjibu na maswali mengine: wataniruhusu kuingia? Niende siku gani? Nani yuko jikoni? Bado wapo? Siku hizi majibu hayo yamebanwa ndani ya nyota tano, na mengi yamemwagika njiani.

Chungu kimoja, watu wengi

Tuanze na chakula, kwa kuwa ndicho kinachowagombanisha watu. Jiji lilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, likatawaliwa na Hispania kwa miongo kadhaa, likarudi Ufaransa, na mwaka 1803 likauzwa kwa Marekani pamoja na eneo lote la Louisiana. Kila aliyepita aliacha kitu jikoni.

Walioacha kikubwa zaidi hawakuja kwa hiari. Mwaka 1719 meli mbili za watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi zilitia nanga Louisiana. Manahodha wake walikuwa wameagizwa wanunue pia mapipa ya mpunga wa mbegu, na watu wanaojua kuulima. Kwa hiyo mpunga uliingia Louisiana pamoja na elimu ya watu waliofungwa minyororo. Bamia nayo ni zao la Afrika. Wachoctaw, wenyeji wa asili, walikuwa wakitwanga majani ya mti wa sasafrasi kupata unga wa kuutia mchuzi uzito, uitwao filé. Wafaransa walileta mtindo wa kukaanga unga wa ngano kwenye mafuta, polepole, hadi ugeuke rangi ya chokoleti bila kuungua. Vitu hivyo, pamoja na vitunguu, selari na pilipili hoho, ndivyo vinavyozaa gumbo: mchuzi mzito wa kamba na kaa, au wa kuku na soseji, unaoliwa na wali.

Mtu aliyelelewa kwa wali na mchuzi wa bamia hatahitaji kufundishwa namna ya kuila sahani hiyo. Siku ya Jumatatu ndiyo atajiona yuko nyumbani kabisa, maana chakula cha Jumatatu New Orleans ni wali maharage. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Mama aliinjika maharage mekundu asubuhi, akatia mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili, akaenda zake kwenye beseni; nguo zikianikwa, maharage yameshaiva. Mashine za kufulia zilikuja zikaondoa adha ya kufua, lakini maharage hayakuhama siku yake, na migahawa mingi huyaweka mezani Jumatatu hadi leo. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa hapo mwaka 1901, aliyapenda kiasi cha kuyataja maharage na wali kwenye saini za barua zake.

Jina la mgahawa bila siku ni nusu ya habari

Hapo ndipo mgeni anapopata somo lake la kwanza. Galatoire's ni mgahawa uliofunguliwa mwaka 1905 katika Mtaa wa Bourbon. Kwa desturi, meza za ukumbi wake wa chini haziwekewi nafasi. Anayezitaka Ijumaa mchana hupanga foleni barabarani, na wapo wenye fedha wanaomlipa mtu awashikie nafasi tangu alfajiri. Chakula hicho cha Ijumaa huweza kuvutwa hadi jua lizame, watu wakihama meza kwenda kusalimiana na jamaa, mawakili wakisahau ofisi. Msafiri aliyeingia hapo Jumatano, akakuta ukumbi umetulia, akarudi kwao na kusema mgahawa ni wa kawaida tu, hakusema uongo. Alikula chakula kilekile, ila shughuli yenyewe ilimpita.

Casamento's, duka la chaza katika Mtaa wa Magazine lenye kuta za vigae, limekuwapo tangu mwaka 1919, na kwa desturi hufungwa miezi ya joto. Anayefika Julai atakuta mlango umefungwa, na kununa kwake hakutaharakisha msimu. Kamba wa matopeni, wale wanaochemshwa kwa viungo vikali na kumwagwa juu ya magazeti mezani, wana wakati wao kuanzia mwishoni mwa baridi hadi kiangazi kinapoingia. Na gumbo ya mboga za majani, ile ambayo mila inataka idadi ya aina za mboga iwe witiri, ina siku moja mashuhuri kwa mwaka: Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka, katika mgahawa wa Dooky Chase's.

Mwenyeji akimwelekeza mgeni huyataja hayo yote kwa pumzi moja: nenda pale, siku fulani, agiza hiki, usiguse kile. Hakuna sehemu ya maelezo hayo unayoweza kuiondoa bila kuyaharibu.

Kitabu cha tarishi

Mgahawa huo wa Dooky Chase's unatupeleka kwenye swali la zamani zaidi kuliko la utamu.

Krismasi ya mwaka 1935 Duncan Hines, mzungu aliyezunguka Marekani akiitafutia wateja kampuni ya uchapaji ya Chicago, aliwatumia marafiki zake orodha ya migahawa 167 aliyoipenda safarini. Ilivyogombaniwa, mwaka uliofuata akaifanya kitabu. Hines alitazama usafi wa jiko na unyoofu wa chakula, na jina lake likawa kibao cha sifa kilichotundikwa kwenye milango ya migahawa nchi nzima.

Mwaka huohuo wa 1936, Victor Hugo Green, tarishi mweusi wa Harlem, New York, alianza kutoa kitabu chake. Kiliorodhesha hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na vinyozi ambako msafiri mweusi angehudumiwa bila kudhalilishwa. Habari zilitoka kwa wasomaji waliokuwa safarini na kwa matarishi wenzake waliojua kila mlango wa mitaa yao. Hines alimwonyesha msafiri wapi atakula vizuri. Wa Green alikuwa bado anatafuta mahali atakapokubaliwa kukaa.

New Orleans ilikuwa moja ya sehemu ambako tofauti hiyo ilionekana wazi. Katika mtaa wa kale wa Wafaransa kulikuwa na migahawa iliyosifiwa dunia nzima. Antoine's, uliofunguliwa mwaka 1840, ulitengeneza mwaka 1899 chaza wa kuokwa walioitwa Rockefeller kwa jina la tajiri, na mapishi yake ni siri ya nyumba mpaka leo. Nyuma ya migahawa ya aina hiyo, jikoni, walikuwapo watu weusi wakikoroga na kukaanga. Kwenye meza za mbele sheria na desturi za ubaguzi ziliwazuia wasikae.

Leah Chase aliijua hali hiyo kwa macho yake. Aliyezaliwa mwaka 1923 na kukulia Madisonville, ng'ambo ya Ziwa Pontchartrain, alifanya kazi ya kuhudumu katika mgahawa wa mtaa huo wa Wafaransa akiwa kijana, akaona namna meza inavyoandaliwa. Mwaka 1946 aliolewa na mwanamuziki Edgar "Dooky" Chase, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vyakula katika mtaa wa Tremé. Bi Leah akaligeuza kuwa mgahawa wa vitambaa vyeupe na vyombo vizuri, ili mtu mweusi naye ahudumiwe kwa heshima kwenye mji wake. Jina la Dooky Chase's likaingia kwenye kitabu cha tarishi. Katika chumba cha juu, weusi na weupe walikaa meza moja kupanga harakati za haki za kiraia, jambo lililokuwa kinyume cha sheria. Martin Luther King na mwanasheria Thurgood Marshall walikula hapo, na vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipita hapo wakalishwa. Mwaka 1965 mgahawa ulitupiwa bomu. Haukufungwa.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 iliondoa ubaguzi wa migahawa kisheria, na miaka michache baadaye kitabu cha Green kikakoma, kama mwenyewe alivyotumaini kwamba siku moja hakitahitajika. Hakuwahi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1960. Bi Leah aliendelea kupika hadi uzeeni. Barack Obama, alipokuwa akigombea urais, alitia pilipili kwenye gumbo yake kabla ya kuionja, na bibi huyo akamkemea mbele za watu. Bi Leah alifariki Juni 2019 akiwa na miaka 96.

Swali la kukubaliwa halijafa, limebadili sura tu. Msafiri Mwislamu kutoka Mombasa, Unguja au Muscat akifika New Orleans atahitaji kuambiwa kwamba soseji ya kienyeji iitwayo andouille ni ya nguruwe. Kwamba maharage ya Jumatatu hupikwa kwa nyama hiyohiyo. Kwamba hata gumbo ya kamba na kaa huweza kutiwa soseji ile, na kwenye menyu pasiandikwe. Hayo hayamo kwenye nyota. Anayeweza kukuambia ni aliyewahi kula huku akiwa na swali kama lako, au mhudumu utakayemuuliza kabla hujaagiza.

Sifa nazo zina mdomo

Mdomo wa msafiri humjengea mpishi, na wakati mwingine hula hadi akiba yake. Mwaka 1979 Paul Prudhomme na mkewe walifungua K-Paul's. Hakukuwa na kuweka nafasi: mteja alipanga foleni, na akiingia aliketishwa meza moja na wasiomjua. Wageni wakalazimika kutazamana sahani na kuulizana wewe umeagiza nini, huko ulikotoka wanapika hivi? Chakula kilichowatoa watu mbali kilikuwa samaki mwekundu wa Ghuba ya Mexico, aliyechovywa kwenye siagi, akapakwa viungo na kubabuliwa kwenye kikaango cha chuma chenye moto mkali hadi juu akawa mweusi.

Kila aliyemla alihadithia. Katika miaka ya 1980 migahawa ya Marekani nzima ikamwiga Prudhomme, wavuvi wakamfuata samaki huyo kwa nyavu kubwa, hadi serikali ikabidi izuie uvuvi wake wa biashara kwenye maji ya Ghuba. Prudhomme alifariki mwaka 2015, na K-Paul's ulifungwa mwaka 2020, wakati wa Korona.

Si kila sifa huchimba shimo la namna hiyo. Mwaka 1929 makondakta na madereva wa tramu walipogoma, ndugu wawili wa familia ya Martin, waliokuwa zamani wafanyakazi wa tramu na sasa wauza chakula, walitangaza kuwalisha wagomaji bure. Mkate mrefu uliojazwa nyama au chaza wa kukaanga walioutoa ndio po'boy inayotafutwa leo na kila mgeni. Na mashariki ya jiji, mbali na mitaa ya watalii, familia za Wavietnamu zilizokimbia vita baada ya mwaka 1975 zilikuja na utamaduni wa mkate uliopitia kwa Wafaransa wa Indochina. Duka la mikate la Dong Phuong, lililofunguliwa mwaka 1982, sasa hutengeneza keki za msimu wa kanivali ambazo watu wa jiji zima huzipangia foleni. Hakuna mtalii ambaye angefika huko kwa kutangatanga kwa miguu. Lazima awe ameambiwa.

Orodha ya waliorudi

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani, kingo za kuzuia maji zikapasuka, na karibu asilimia 80 ya jiji ikawa chini ya maji. Watu walitawanyika majimbo yote. Mwandishi wa chakula na mtangazaji wa redio, Tom Fitzmorris, akaanza kazi ambayo wakati mwingine ingeonekana upuuzi: kuorodhesha mgahawa mmoja baada ya mwingine kadiri ilivyofunguliwa tena. Kabla ya gharika alikuwa akihesabu migahawa zaidi ya 800. Sasa alianzia karibu na sifuri.

Mkimbizi aliyeisoma orodha hiyo akiwa Houston au Atlanta hakuwa anatafuta meza ya usiku ule. Alitaka kujua kama mtaa wake una umeme, kama mwokaji amerudi, kama kuna sababu ya yeye mwenyewe kurudi. Jina la mgahawa lilikuwa na habari zote hizo ndani yake, kwa maana mgahawa haufunguki bila maji safi, gesi, mpishi na mteja. Ndani ya miaka michache orodha ikaipita idadi ya zamani, wakati idadi ya wakazi ilikuwa bado haijarudi.

Bi Willie Mae Seaton, mpika kuku wa Tremé, alikuwa amepokea mwezi Mei 2005 tuzo ya James Beard inayotolewa kwa migahawa ya kienyeji yenye historia. Miezi mitatu baadaye maji yakaingia jikoni kwake. Alikuwa na umri unaokaribia miaka 90. Waliokuja na nyundo na misumari kumjengea upya walikuwa wapishi na wapenzi wa chakula cha kusini, wengi wao wageni waliowahi kula kuku wake au kusimuliwa habari zake. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2007, kitukuu wake akiwa jikoni. Dooky Chase's nao, ulioingiliwa na maji, ulirudi mwaka huohuo baada ya wapishi wenzake kuuchangia. Sifa ambayo wasafiri walikuwa wameitawanya kwa miaka mingi ilirudi ikiwa michango na mikono ya kazi.

Meza ya Dakar

Katika Mtaa wa Magazine kuna mgahawa uitwao Dakar NOLA, wa mpishi Serigne Mbaye, mwenye asili ya Senegali. Ulifunguliwa mwaka 2022, na mwaka 2024 ukapata tuzo ya James Beard ya mgahawa mpya bora Marekani. Wageni wa usiku mmoja huketi pamoja na kula vyakula vilevile kwa mpangilio aliouweka mpishi, naye hutoka kuwaeleza. Kimojawapo ni supu ya kunde, kaa na mawese. Mbaye huwaeleza kwamba inakumbusha chakula walicholishwa mateka wa kisiwa cha Gorée kabla ya kupakiwa melini, ili waongeze uzito na bei.

Baada ya maelezo kama hayo, wageni waliokuwa wakiulizana umetoka jimbo gani hubadili mazungumzo. Mpunga wa mwaka 1719, bamia ya gumbo na kunde za supu vinaonekana ni habari moja. Mwafrika aliyesafiri kutoka upande wetu wa bara ana cha kuchangia kwenye meza hiyo: kunde anazijua, bamia anaijua, na biashara ya kuuza watu ilipita pia kwenye pwani yake.

Mwaka 2025 mwongozo wa Michelin, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengenezaji wa matairi, ulitoa kwa mara ya kwanza toleo la majimbo ya kusini mwa Marekani lenye Louisiana ndani yake, na mgahawa wa Emeril's wa New Orleans ukapewa nyota mbili. Ni heshima kubwa, na itawaleta wasafiri. Lakini wakaguzi wa Michelin hula kwa siri, hulipa bili na kuondoka bila kujulikana. Hilo huwalinda na upendeleo. Msafiri wa kawaida hana sababu ya kujificha, na hiyo ndiyo nguvu yake: anaweza kuuliza, anaweza kusema yeye ni nani, na anaporudi kwao anaweza kutaja alipokelewaje.

Basi ukitoka safari, iwe ya New Orleans, Unguja au Kampala, na mtu akakuuliza ulikula wapi, usimtupie jina na idadi ya nyota. Mwambie ilikuwa siku gani na saa ngapi. Mwambie uliagiza nini, maana jiko linalojua kuku huenda halijui samaki. Mwambie nani alipika, kama ulimwona. Mwambie kama una sharti la dini au la afya, na walikujibu vipi ulipolitaja. Mwambie walikukaribisha au walikuvumilia. Akienda mwenyewe akakuta umesema kweli, naye atamwambia mwingine. Kitabu cha Victor Green kilijazwa kwa namna hiyo, jina kwa jina, kutoka kwa watu ambao wengi wao hakuwahi kukutana nao.